Seva ya Linux nyumbani Gungu: kompyuta moja inaiona, ya pili inaiona ikitaka, ya tatu inaomba nywila mpaka usiku wa manane

#1 Mgebuka_Mbichi (mwenye uzi), Ijumaa 20:47

Wakuu, habari za jioni. Niko Gungu, Kigoma. Jambo hili limenikaba wiki ya pili sasa, naombeni mawazo.

Nilichukua kompyuta ya mezani ya zamani, Core 2 Duo yenye RAM ya GB 4, nikafuta Windows nikaweka Debian 12 (aina ya Linux), amri tupu, haina hata panya wa kubofya. Nikachomeka hadi diski ya nje ya TB 1, nikaweka Samba (programu ya Linux ya kugawa folda kwa kompyuta za Windows), nikafungua folda mbili. Moja ni ya kazi za stationery ya mama iliyopo nyumba ya mbele. Nyingine nimeiita MZEE.

Hiyo MZEE ndiyo iliyoniingiza kwenye kazi yote hii. Baba alifanya kazi reli. Miaka yake ya mwisho nilikuwa nakaa naye barazani jioni namrekodi kwa simu: anasimulia stesheni, meli, watu waliokuwa wanashuka na mizigo, Kiswahili na Kiha vinapishana humo humo. Nina faili 64. Zilikuwa zimetawanyika kwenye simu mbili na fleshi moja ambayo imeshaanza ujeuri, leo inasoma kesho inagoma. Nataka zikae mahali pamoja, na kila aliye nyumbani azifungue bila kunisubiri mimi.

Kompyuta ziko tatu. Ya stationery ina Windows 10, imeunganishwa kwa waya, inaiona seva vizuri. Laptopu ya mdogo wangu ina Windows 11, inatumia waifai: leo inaiona, kesho inasema njia haipatikani. Ya chumbani kwa mama ni Windows 7, waya. Yenyewe inaiona, inaomba jina na nywila, unaandika, inaomba tena, unaandika, inaomba tena.

Halafu umeme ukikatika ukarudi, hata ile ya stationery inaipoteza seva.

Tatizo liko wapi: Linux, Windows, au rauta?

#2 Kasulu_Moja, Ijumaa 20:58

Rauta. Umeme ukirudi rauta inagawa anwani upya, kila chombo kinapewa inayokuja. Jana seva ilikuwa 192.168.1.5, leo ni 192.168.1.9, na kompyuta zako bado zinabisha hodi kwenye nyumba ya zamani. Ipe seva anwani ya kudumu, utanishukuru.

#3 Fundi_Kebo_Mwanga, Ijumaa 21:10

Mimi kabla ya kugusa programu naangalia waya. Hizo kebo umenunua wapi na ni za aina gani? Kuna kebo nyingi hapa mjini zimeandikwa shaba lakini ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Chukua kipande, kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona ndani ni mweupe, ujue umeuziwa rangi. Ukiukunja mara tatu kwenye kona ya mlango unakatikia ndani kwa ndani huku ganda la nje liko zima.

#4 Mdebiani, Ijumaa 21:22

Wote wawili hapo juu mnaweza kuwa sahihi, lakini tunapiga ramli. Mwenye uzi, tuletee vitu hivi:

Kwenye seva: `ip a` (anwani yake) na `testparm -s` (mipangilio ya Samba)
Kwenye kila Windows: `ipconfig` (anwani yake)

Bila hivyo tutafika kurasa kumi hatujui tunaongelea nini.

#5 Uvinza_Chumvi, Ijumaa 21:31

Windows 7 hiyo sababu iko wazi. Inatumia SMB ya kwanza (SMB ni itifaki, yaani lugha, ya Windows ya kugawana mafaili), na hiyo SMB1 ilizimwa baada ya virusi vya WannaCry vya Mei 2017. Linux mpya haiongei nayo. Washa SMB1 kwenye seva, mambo yataisha.

#6 Mdebiani, Ijumaa 21:45

@Uvinza_Chumvi hapana ndugu yangu. Kwamba WannaCry ilipitia SMB1 ni kweli. Kwamba Windows 10 kuanzia toleo la 1709 la mwaka 2017 haiji tena na SMB1 ni kweli. Na Samba yenyewe iliifunga kwa chaguo la kawaida kuanzia 4.11 ya mwaka 2019. Lakini Windows 7 haikuishia hapo, ina SMB 2.1. Iliyokwama kwenye SMB1 peke yake ni Windows XP. Kwa hiyo Windows 7 ya mama inaweza kuongea na Debian 12 bila kufungua ule mlango. Tafadhali asiuwashe. Kuna hati za wateja wa stationery humo.

Tena angalieni dalili yenyewe: inaomba nywila. Kama itifaki zingekuwa hazielewani, isingefika hata hatua ya kuomba nywila.

#7 Uvinza_Chumvi, Ijumaa 21:52

Hapo kwenye nywila umenishika. Nimeelewa.

#8 Binti_Kibirizi, Ijumaa 22:05

Samahani naingilia. Kwa nini msiweke tu mafaili yote Google Drive kila mtu akafungua huko? Mimi nafanya hivyo na sina rauta wala swichi.

#9 Mgebuka_Mbichi, Ijumaa 22:40

@Binti_Kibirizi dada, nimelifikiria. Faili za sauti si kubwa, ila kwenye folda ya mama kuna video za harusi za wateja, moja tu inafika GB 30. Kuipandisha kwa bando halafu kuishusha tena chumba cha pili ni kulipa mara mbili kwa safari ya hatua kumi na tano.

@Mdebiani haya hapa:

Seva: 192.168.1.20 (niliiandika mwenyewe kwa mkono, kwa hiyo @Kasulu_Moja haibadiliki)
Stationery: 192.168.1.4
Mama: 192.168.1.7
Laptopu ya mdogo: 192.168.8.103

Kwenye testparm naona folda zangu mbili, haikulalamika kitu.

#10 Mdebiani, Ijumaa 22:51

Simama hapo hapo. Laptopu ya mdogo wako ni 192.168.8. Nyingine zote ni 192.168.1. Hizo ni kaya mbili tofauti. Mdogo wako ana kale kamodemu ka kutembea nako mfukoni?

#11 Mgebuka_Mbichi, Ijumaa 22:58

Anako. Anakatumia bando la kwenye rauta likiisha.

#12 Mdebiani, Ijumaa 23:03

Basi hiyo ndiyo "leo inaiona, kesho haipatikani". Akiwa kwenye waifai ya nyumba yuko kaya moja na seva. Akihamia kamodemu kake yuko kijiji kingine, hakuna barabara ya kumleta. Anwani zinazoanza na 192.168 ni za ndani, kila nyumba duniani inaruhusiwa kuzitumia, ndiyo maana haziwezi kutafutana kupitia intaneti. Mwambie akitaka kusikiliza MZEE arudi kwenye waifai ya nyumbani. Haihitaji bando hata senti moja, seva iko ndani.

#13 Kasulu_Moja, Ijumaa 23:15

Na bado. Hata akirudi, aangalie rauta haina mtandao wa wageni. Rauta nyingi ukiingia kwa mlango wa wageni unapata intaneti tu, vyombo vya ndani huvioni. Na Windows 11 ikishauona mtandao ni "wa umma" inajifunga. Aubadilishe uwe "wa faragha".

#14 Mdebiani, Ijumaa 23:24

@Kasulu_Moja mlango wa wageni nakubali, ni kitu cha kukagua. Hiyo ya umma na faragha inahusu zaidi wengine kuiona laptopu yake. Yeye kutoka kwenda kwenye seva hazuiwi na hilo. Ila kwenye ukurasa wa mitandao seva haitajitokeza. Na hata ukiweka faragha inaweza isitokee, kwa sababu orodha ya zamani ya majirani ilikuwa inategemea SMB1. Kwenye Debian aweke kifurushi kinaitwa `wsdd`, jina la seva litatokea. Au aandike tu `\\192.168.1.20` juu pale, asisubiri itokee.

#15 Mwl_Ujiji, Jumamosi 06:20

Mwakeye wote. Nimesoma uzi mzima na chai. Kuna kitu hakuna aliyekigusa na kilitutesa kwenye maabara yetu ya kompyuta, kwa hiyo naeleza kwa urefu kidogo.

Tulikuwa na seva kama ya huyu kijana, diski ya nje kwa USB. Umeme ukakatika usiku. Asubuhi wanafunzi wanafungua folda, tupu. Hakuna kosa lolote, hakuna onyo, folda nyeupe pee. Mwenzangu akasema virusi. Wanafunzi wakaendelea kuhifadhi kazi zao humo humo. Wiki mbili baadaye seva ikagoma kabisa, diski imejaa. Diski ya TB 1 imejaaje?

Kumbe umeme uliporudi diski ya nje haikupanda. Linux inapachika diski juu ya folda. Diski isipopanda, ile folda bado ipo, tupu, na Samba inaigawa kama kawaida. Watoto walikuwa wanaandika kwenye diski ndogo ya mfumo. Tulipoipandisha diski ya nje, kazi za wiki mbili nazo zikatoweka machoni, kwa sababu zimefunikwa chini yake. Ilibidi tuishushe tena, tuzihamishe, ndipo tuipandishe. Kuna mtoto mmoja alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote huo anaangalia kama barua yake ya maombi ya chuo itarudi. Ilirudi.

Kwa hiyo kijana, umeme ukirudi kabla ya kulaumu mtandao andika `findmnt` uone diski iko mahali pake. Na je, diski yako imepangwa kwa NTFS ya Windows au ext4 ya Linux?

#16 Mgebuka_Mbichi, Jumamosi 07:05

Mwalimu shikamoo. Ni NTFS, nilitaka niweze kuichomeka kwenye Windows siku moja moja. Na kwenye fstab (faili la kuiambia Linux ipandishe diski gani) nimeandika /dev/sdb1.

#17 Mdebiani, Jumamosi 07:30

Mwalimu ametoa dhahabu. NTFS ikizimwa ghafla inabaki na alama kwamba haikufungwa vizuri, na Linux inaweza kukataa kuipandisha au kuipandisha kwa kusoma tu. Na /dev/sdb1 ni jina la kupanga: ukichomeka fleshi kabla ya kuwasha, leo diski ni sdb, kesho ni sdc. Tumia UUID (namba ya utambulisho ya diski yenyewe), utaipata kwa `blkid`, na ongeza `nofail` ili seva iwake hata diski ikigoma. Diski ikiwa haijapanda, ile folda tupu uifunge kwa `chattr +i`, mtu asiweze kuandika kitu humo. Ukipata nafasi hamisha data pembeni, tengeneza ext4.

#18 Mstaafu_wa_Reli, Jumamosi 08:12

Kijana, mimi mambo ya seva wajukuu ndio wanajua. Nimevutwa na hilo la sauti za baba yako. Nilifanya kazi stesheni ya Kigoma. Je, katika hizo faili anasimulia meli ya Liemba ilivyozinduliwa 1913?

#19 Mwl_Ujiji, Jumamosi 08:25

Mzee wangu, heshima yako. Kidogo nisahihishe hapo: 1913 ndiyo iliundwa kule Papenburg, Ujerumani. Ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa maboksi, reli nayo ilikuwa imefika Kigoma 1914. Majini ilishuka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha, ikainuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba.

#20 Mstaafu_wa_Reli, Jumamosi 08:40

Ahsante mwalimu, maboksi hayo tuliyasikia kwa waliotutangulia. Mwenye uzi, hizo sauti zitunze.

#21 Mgebuka_Mbichi, Jumamosi 08:55

Marahaba ya baba yangu iko kwenye faili ya 17, mzee. Anataja stesheni, anataja majina ya waliokuwa zamu naye. Nikifanikisha hii kazi nitakuletea kwenye simu usikilize.

#22 Tabora_Maembe, Jumamosi 10:02

Salamu kutoka Tabora, mlipotoka wote mkipanda treni. Swali la pembeni: hivi Samba ni jina la yule Linus aliyetengeneza Linux aliyeipenda ngoma ya Brazili?

#23 Mdebiani, Jumamosi 10:15

Linus Torvalds alianzisha Linux 1991 akiwa mwanafunzi Ufini. Samba ni ya mtu mwingine, Andrew Tridgell wa Australia. Na jina halikutoka kwenye ngoma: alipekua kamusi kwa kompyuta akitafuta neno lenye S, M na B kwa mpangilio huo, kwa sababu itifaki yenyewe ni SMB. Samba likawa mojawapo.

#24 Tabora_Maembe, Jumamosi 10:19

Kumbe. Wasambaa wangekuwa na haki ya kudai.

#25 Uvinza_Chumvi, Jumamosi 10:30

Turudi kwa mama na Windows 7. Mimi nasema ni ruhusa za folda. `chmod -R 777` kwenye folda yote, kila mtu ataingia.

#26 Mdebiani, Jumamosi 10:44

Hapo nakataa kwa nguvu zote. 777 kwenye folda MZEE maana yake ni kwamba mtoto yeyote mgeni akija kucheza, kubofya mara moja na kitufe cha kufuta, sauti ya marehemu imekwenda. Ikifutwa kupitia mtandao haiendi kwenye pipa la taka la Windows, imekwenda moja kwa moja. Folda ile iwe ya kusoma tu: `read only = yes`, na kwenye `write list` aandike jina lake peke yake.

Na ruhusa haziombi nywila upya. Mtu mwenye nywila sahihi asiye na ruhusa kwa kawaida anakataliwa, haulizwi tena na tena. Mwenye uzi, ulimsajili mama kwenye Samba? Simaanishi kwenye Linux, namaanisha Samba.

#27 Mgebuka_Mbichi, Jumamosi 11:20

Nilimfungulia akaunti kwa `adduser`. Kuna nyingine?

#28 Mdebiani, Jumamosi 11:24

Ipo. Samba ina daftari lake la nywila, halisomi la Linux. `smbpasswd -a mama`. Wewe mwenyewe nadhani ulijisajili siku ya kwanza ukifuata maelekezo, na stationery inatumia jina lako.

Kisha kwenye ile Windows 7 futa kumbukumbu za zamani: `net use * /delete`, na ufungue lile ghala la nywila zilizohifadhiwa uondoe ya seva. Windows haitaki kuingia kwenye seva moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja, ikishakumbuka jina lako inang'ang'ana nalo. Kwenye kisanduku cha jina andika `SEVA\mama`, badala ya "SEVA" weka jina la seva yako. Usipoweka hivyo Windows inatanguliza jina la kompyuta yenyewe.

#29 Kasulu_Moja, Jumamosi 11:40

Mimi naona pia saa. Kompyuta za umri huo betri ya ubao mama, ile CR2032 kama sarafu, huwa imekufa. Umeme ukikatika saa inarudi miaka ya nyuma, na saa zikitofautiana Samba inakataa watu.

#30 Mdebiani, Jumamosi 11:52

Betri akague, ni kweli hufa, na ikifa mipangilio ya BIOS nayo inapotea, pamoja na ule wa kujiwasha umeme ukirudi. Lakini saa kumzuia mtu kuingia, hiyo ni habari ya Kerberos (mfumo wa kuthibitisha watumiaji), ambako tofauti ikizidi dakika 5 unakataliwa. Hiyo inatumika kwenye domeni za ofisi, ambako seva kuu moja inasimamia kompyuta zote. Nyumbani kwake hakuna domeni.

#31 Kasulu_Moja, Jumamosi 11:58

Sawa, kwenye domeni umeniweka sawa. Betri nabaki nayo.

#32 Mgebuka_Mbichi, Jumamosi 19:33

Wakuu. Mama ameingia.

Nilifanya kama #28 ilivyosema. Akaandika nywila mwenyewe kwa kidole kimoja, akabofya MZEE, faili zikashuka zote 64. Akachagua ya 17. Baba akaanza: anakohoa kidogo, anauliza "imewaka hiyo?", halafu anaanza. Mama alivuta kiti akakaa. Dakika tatu hivi, sauti ikakwama, ikaendelea, ikakwama, folda ikafungwa kabisa. Nikarudia, ikafunguka, ikakatika tena kwenye dakika ile ile au karibu yake.

Stationery muda huo huo ilikuwa inafungua vizuri bila tatizo. Sasa hii ni nini? Nywila imekwisha, anwani ni ya kudumu, diski imepanda nimeihakiki kwa findmnt.

#33 Fundi_Kebo_Mwanga, Jumamosi 19:41

WAYA. Nilisema tangu #3. Stationery ina kebo yake, mama ana yake. Moja nzima, nyingine inapiga chafya. Ya mama inapita wapi?

#34 Mgebuka_Mbichi, Jumamosi 19:50

Inatoka sebuleni kwenye swichi, inapanda darini, inashuka chumbani kwake. Mita kama 25.

#35 Fundi_Kebo_Mwanga, Jumamosi 20:02

Mita 25 si tatizo, kebo inaruhusiwa hadi 100. Tatizo ni darini. Panya wa Gungu nawajua mimi. Nilishatoa kebo kwenye dari moja hapo jirani yako, ganda limeguguniwa kama hindi, nyuzi nne zimebaki na nne zimekatika. Na kompyuta ilikuwa inafanya kazi! Kwa sababu kasi ya Mbps 100 inahitaji nyuzi nne tu: ya 1, 2, 3 na 6. Gigabiti (Mbps 1000) inataka zote nane. Panya akigusa moja ya zile nne, ndipo inakuja inakatika, inakuja inakatika, hasa dari likipata joto mchana na kupoa usiku.

Angalia taa ya swichi kwenye tundu la mama na ya stationery. Ni rangi moja?

#36 Mdebiani, Jumamosi 20:10

Fundi anaweza kuwa na haki. Lakini kuna kingine. Mgebuka, hiyo 192.168.1.20 ulioandika kwa mkono, rauta yako inagawa anwani kuanzia ngapi mpaka ngapi?

#37 Mgebuka_Mbichi, Jumamosi 20:24

Nimeingia kwenye rauta. Inasema 192.168.1.2 mpaka 192.168.1.254.

#38 Kasulu_Moja, Jumamosi 20:27

Ndiyo hiyo! Rauta haijui kwamba 20 ina mwenyewe. Mgeni akija na simu, rauta inaweza kumpa 20. Vyombo viwili jina moja. Kompyuta ya mama inaita "ishirini!", anaitika mwingine. Nilisema tangu mwanzo kwamba ni anwani.

#39 Mdebiani, Jumamosi 20:36

Dawa ni moja kati ya mbili: punguza mgao wa rauta uwe 100 mpaka 200 na seva ibaki 20, au seva iombe anwani kama wengine na rauta iamriwe kuipa ile ile siku zote. Mimi nachagua ya kwanza. Rauta ikipigwa na radi ukanunua nyingine, ule wa pili unapotea nayo.

#40 Kasulu_Moja, Jumamosi 20:45

Mimi nachagua wa pili. Anwani zote zikiandikwa mahali pamoja kwenye rauta, mtu mwingine akija kutengeneza anaelewa. Ukiandika kwenye seva, ukisafiri wewe hakuna anayejua.

#41 Fundi_Kebo_Mwanga, Jumamosi 20:50

Anwani zikigongana stationery nayo ingesumbuka. Haisumbuki. Waya.

#42 Mdebiani, Jumamosi 20:58

Si lazima @Fundi. Kila kompyuta inakumbuka yenyewe nani alimwitikia mara ya mwisho. Moja inaweza kuwa imeshika sahihi na nyingine imeshika ya simu. Mgebuka, zima simu zote za nyumbani, halafu toka kwa mama andika `ping 192.168.1.20 -t` (inaibishia seva hodi mfululizo na kuonyesha majibu) uiache dakika kumi. Seva nayo uichomoe: kama bado kuna anayejibu, umempata mwizi wa anwani.

#43 Tabora_Maembe, Jumamosi 21:05

Mmetaja radi. Huku Tabora radi iliingia kwa kebo iliyotandazwa nje kutoka nyumba moja hadi nyingine, ikala tundu la swichi, tundu la kompyuta na rauta, vyote kwa pigo moja. Mgebuka, stationery iko nyumba ya mbele, hiyo kebo inapita nje?

#44 Mgebuka_Mbichi, Jumamosi 21:12

Inapita nje, juu ya ua.

#45 Tabora_Maembe, Jumamosi 21:15

Mawingu yakijaa upande wa ziwa, chomoa pande zote mbili. Kuzima swichi hakutoshi.

#46 Binti_Kibirizi, Jumamosi 21:40

Mimi wa Google Drive narudi. Video za harusi nimekubali zibaki ndani. Lakini hizo sauti 64, kaka, ziko kwenye diski moja, ndani ya nyumba moja, kwenye mkoa wa radi. Mmezungumza kuhusu kuziona, hakuna aliyeuliza ikifa hiyo diski ziko wapi tena. Mimi nilipoteza picha zote za marehemu bibi kwa diski iliyoanguka kutoka mezani, urefu wa goti tu.

#47 Mdebiani, Jumamosi 21:48

@Binti_Kibirizi uko sahihi kabisa na ilitakiwa liwe la kwanza. Seva si nakala. Seva ni mahali pa kufikia tu.

#48 Mgebuka_Mbichi, Jumamosi 22:30

Dada ahsante sana. Nimehesabu, faili zote 64 ni GB 3 na kidogo. Usiku huu nimeanza kuzipandisha kwa bando la usiku. Na kesho nanunua fleshi mpya, naijaza, nampa shangazi anarudi Kasulu Jumatatu.

#49 Mgebuka_Mbichi, Jumapili 16:05

Majibu ya #42. Simu zote zimezimwa, ping toka kwa mama, dakika kumi. Majibu yanakuja, halafu yanakosekana matatu au manne, halafu yanakuja. Nimechomoa seva: kimya, hakuna aliyejibu kwa niaba yake. Nimerudisha simu moja moja. Simu ya jirani anayetumia waifai yetu ilipoingia, rauta imeipa 192.168.1.21.

Mgao wa rauta nimeupunguza kama #39.

#50 Kasulu_Moja, Jumapili 16:14

21! Jana ilikuwa 20, nakuhakikishia.

#51 Fundi_Kebo_Mwanga, Jumapili 16:17

Simu zimezimwa na ping bado inaruka. Taa. Bado hujanijibu taa.

#52 Uvinza_Chumvi, Jumapili 16:25

Je, ikiwa ni kadi ya mtandao ya hiyo kompyuta ya mama yenyewe? Ni ya zamani. Badilishana: hamishia laptopu ya mdogo kwenye waya wa mama uone.

#53 Mdebiani, Jumapili 16:31

Hilo jaribio la #52 ni zuri kuliko yote yaliyotajwa leo.

#54 Mgebuka_Mbichi, Jumapili 18:10

Laptopu ya mdogo haina tundu la waya, ni nyembamba zile. Nimechukua ya stationery nikaibeba mpaka chumbani kwa mama. Kwa dakika ishirini haikukata hata mara moja. Nikasema basi ni kadi. Nikarudisha ya mama, nayo haikukata! Imecheza faili ya 17 mpaka mwisho, mama amesikia yote, na ya 18. Saa kumi na mbili hii imeanza kukata tena.

Na taa @Fundi: ya stationery ni kijani. Ya mama ni chungwa.

#55 Fundi_Kebo_Mwanga, Jumapili 18:16

Ulipobadilisha ulichomoa na kuchomeka kichwa cha kebo. Umekigusa, kikakaa vizuri kwa muda. Na jua linashuka, dari linapoa.

#56 Kasulu_Moja, Jumapili 18:20

Au saa kumi na mbili ndiyo jirani anarudi nyumbani na simu.

#57 Mdebiani, Jumapili 18:26

Chungwa peke yake haitoshi. Kwenye swichi nyingi ndogo chungwa ni Mbps 100 na kijani ni gigabiti, na kompyuta ya umri ule inaweza kuwa na kadi ya 100 tangu ilipozaliwa. Soma maandishi madogo chini ya swichi. Ilipokuwa ya stationery imechomekwa chumbani kwa mama, taa ilikuwa rangi gani?

#58 Mgebuka_Mbichi, Jumapili 18:29

Sikuangalia. Swichi iko sebuleni, nilikuwa chumbani.

#59 Fundi_Kebo_Mwanga, Jumapili 18:33

Uko Gungu upande gani? Nina kazi Mwandiga Jumatano asubuhi, nikitoka nitapita na testa na mita 30 za shaba tupu. Mpaka nifike, ile kebo ya darini asiiguse mtu.

#60 Mgebuka_Mbichi, Jumapili 18:37

Nimekutumia ujumbe wa faragha nikuelekeze. Mama anauliza kama utakula mgebuka wa kuchoma au wa mchuzi.

#61 Fundi_Kebo_Mwanga, Jumapili 18:38

Kuchoma.